Mtumbwi Wenye Pua ya Samaki: Wakutenai na Mto Wao

Mabibi na mabwana, tuanze na chombo. Mtu aliyezoea mitumbwi yetu akionyeshwa mtumbwi wa Wakutenai atadhani umepinduliwa. Omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, haziinuki; zote mbili zimechongoka kuelekea chini, zikatokeza nje usawa wa maji. Wengi huufananisha na stajoni, samaki mkubwa wa mto ule mwenye pua ndefu na mdomo chini ya kichwa.

Wenyewe hujiita Ktunaxa. Nchi yao ni kusini mashariki mwa British Columbia, Canada, pamoja na kaskazini mwa Idaho na Montana, Marekani. Lugha yao haina ndugu aliyethibitishwa. Mto wao, Kootenay, unatoka Canada, unashuka Montana, unapita Idaho, kisha unageuka na kurudi Canada hadi Ziwa Kootenay. Theluji ilipoyeyuka, bonde la chini lilifurika likawa kinamasi cha matete, na humo ndimo walimovua na kuwinda bata.

Sasa ujenzi. Gome ni la msonobari mweupe, nalo hubanduliwa utomvu unapopanda, majira ya kuchipua yakielekea ukingoni. Ukichelewa, linang'ang'ania mti na kupasuka. Mti uwe umenyooka na wenye matawi machache, maana kila kifundo cha tawi ni tundu la kuvuja. Linatolewa pande moja la mita 4 au 5, kisha linageuzwa: upande wa ndani, ulio laini, ndio unaogusa maji; ule wenye makwaruzo unabaki ndani ya chombo. Kwenye omo na tezi kingo hukutanishwa na kushonwa kwa mshazari, na hapo ndipo ile pua inapopatikana. Mataruma, yaani mbavu za chombo, na fito ni vya mti mwepesi kama mwerezi. Mshono hutiwa kalafati, yaani kizibo cha kuzuia maji, ya utomvu wa miti. Utomvu mtupu ukipigwa na baridi hukatika kama kioo, ndiyo maana wajenzi wengi wa mitumbwi ya gome Amerika Kaskazini huulainisha kwa mafuta ya wanyama.

Kwa nini umbo hilo? Omo isiyoinuka haiupi upepo pa kushika, na pua iliyo chini hupenya matete badala ya kuyaparamia. Mitumbwi inayofanana nayo ilikuwako Mto Amur, Siberia, na wapo waliotaka kuunga undugu wa watu wa pande hizo mbili kwa hilo. Mimi sishawishiki: maji yanayofanana yanaweza kumfundisha kila fundi kivyake.

Mwaka 1846 mpaka wa latitudo 49, ulio leo kati ya Marekani na Canada, uliukata mto wa Wakutenai. Mwaka 1855 ulitiwa saini mkataba wa Hellgate kati ya Marekani na makabila ya eneo hilo, uliochukua ardhi ya Wakutenai wa Idaho bila wao kuweka saini. Mwaka 1974, wakiwa watu 67 tu, chini ya mwenyekiti wao Amy Trice, walitangaza vita dhidi ya Marekani. Bunduki hazikulia; walisimama barabarani wakiwatoza wenye magari senti 10. Wakapata ekari 12.5, eneo dogo mno, lakini lao.

Kinamasi nacho kilizungushiwa matuta ili kilimwe, na miaka ya 1970 bwawa la Libby, lililojengwa kwenye mto huo huko Montana, likadhibiti mafuriko ya kila mwaka. Hapo stajoni akaanza kuisha. Mayai yake hunata kwenye mawe; mafuriko yasiposafisha mawe hayo, yanaangukia mchanga na tope, yanafunikwa na kukosa hewa. Mwaka 1994 aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Wakutenai wa Idaho walikuwa tayari wana kituo cha kuzalisha vifaranga: jike hukamatwa mtoni, mayai hukamuliwa na kurutubishwa, watoto hulelewa kwenye matangi kisha huachiwa. Walioachiwa mapema miaka ya 1990 ndio kwanza wanafikia umri wa kutaga, kwa kuwa jike wa mto huu huchukua takriban miaka 30 kukomaa.