Asilimia 2 ya Nini? Mhadhara kwa wafanyabiashara wa dagaa na mawese, Kigoma

Wazee wangu shikamooni. Akina mama wa Kibirizi, habari za biashara. Hisa nitazigusa mwishoni. Naanza na riba, maana ndiyo inayowatoka kila mwezi.

Ofisa mikopo akikwambia "asilimia 2 kwa mwezi", usitie saini bado. Muulize: ya mkopo wote, au ya deni lililobaki? Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, mtaji unarejeshwa 100,000 kila mwezi. Kwa riba ya flati, yaani ya mkopo wote, unalipa 24,000 juu yake mwezi hadi mwezi, hata ule wa mwisho unapodaiwa laki moja tu. Jumla ya riba 288,000. Kwa deni linalopungua unaanza na 24,000, kisha 22,000, kisha 20,000, unamalizia na 2,000. Jumla 156,000. Asilimia ni ile ile, lakini 132,000 zimekwenda.

Bado ada. Wakikata asilimia 5 mlangoni, unatoka na 1,140,000 na riba inahesabiwa kwenye 1,200,000. Uliza pia: nikimaliza deni mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Kwenye flati mara nyingi haifutwi. Watu wanaogopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, peke yake, kumbe hata mkopeshaji mwenye ofisi nzuri anaweza kukunyonya taratibu.

Sasa ukwasi, yaani wepesi wa mali kugeuka fedha bila kuuzwa kwa hasara. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mwenye mtumbwi na nyavu alikuwa na mali, ila nani angeinunua kwa bei ya maana msimu ule? Ndiyo maana akiba ya marejesho matatu, kwa mfano wetu wa flati 372,000, ikae benki au kwenye simu, isilale kwenye magunia ya dagaa.

Hatifungani ya serikali, yaani hati ya kuikopesha serikali, inakufanya wewe uwe mkopeshaji. Riba huja kila miezi sita. Usiinunue ya miaka 20 kwa ada ya shule ya Januari: riba za soko zikipanda, ukiiuza kabla ya muda utapata pungufu. Hisa nazo, gawio, yaani mgao wako wa faida ya kampuni, si ahadi. Kampuni isipopata faida, mnaweza kukosa.

Mwenye mkataba aulete mbele, tuanze na jedwali la marejesho.