Namna ya kufunga regulata kwenye mitungi ya oksijeni na asetilini

Karibuni, mafundi wenzangu. Leo tunafunga regulata, yaani kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi inapotoka mtungini. Nipo karakanani kwangu Gerezani, Dar es Salaam, na mbele yangu imesimama mitungi ya oksijeni na asetilini, gesi za kuchomelea na kukatia chuma, kwenye toroli ambalo ninalitengeneza na kuliuza mwenyewe. Mwenye haja nalo anikute hapa hapa. Kufunga mnyororo wa kuzuia mitungi isianguke kila mmoja wenu anakujua, kwa hiyo sitakawia hapo.

Mtungi wa asetilini husimama wima daima, kwa sababu gesi iliyomo imeyeyushwa katika asetoni iliyonyonywa na kitu chenye vitundu kama sifongo, na mtungi uliolazwa ukifunguliwa papo hapo, asetoni hutoka pamoja na gesi. Ukiletewa mtungi uliosafirishwa ukiwa umelala, usimamishe na uuache utulie kwa saa kadhaa. Mimi huuacha mpaka kesho yake. Wateja hunung'unika, nami huwapa kiti.

Sasa ninaondoa kifuniko cha oksijeni. Naomba kamera isogee kidogo. Mnauona weusi huu kwenye mdomo wa valvu? Hiyo ni grisi, na kwa kweli sikuwa nimeiona kabla ya kuanza kurekodi. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini grisi ikikutana nayo katika mgandamizo wa baa 150 na zaidi huweza kushika moto bila kiberiti. Sitaifuta kwa kitambaa nikajifanya mambo yamekwisha: mtungi huu ninauandika chaki, ninauweka kando, na utarudi kwa aliyeniuzia. Tuendelee na ule wa pili, ambao mdomo wake ni msafi.

Nati ya regulata ya oksijeni hukazwa kuelekea kulia, na ya asetilini hukazwa kuelekea kushoto nayo ina mikato pembeni. Nati ikikataa kuingia, msiilazimishe kwa spana, kwani huenda mmeshika regulata isiyo ya mtungi huo.

Hapa ndipo ninapoomba utulivu. Kabla ya kugusa valvu, legezeni skrubu ya regulata, ile ya kurekebisha mgandamizo wa gesi inayotoka, mpaka icheze vidoleni. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliisahau ikiwa imekazwa, nikafungua valvu ya oksijeni kwa nguvu huku uso wangu ukiielekea geji, yaani saa ya kuonyesha mgandamizo, na kioo chake kikapasuka. Kovu hili juu ya nyusi ndilo risiti yangu. Gesi inaposukumwa ghafla katika nafasi finyu hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma kiganja, na katika oksijeni joto hilo linaweza kuwasha sehemu za ndani za regulata. Basi skrubu ilegezwe, simameni upande wa valvu, si mbele ya geji, kisha fungueni polepole sana. Narudia: skrubu kwanza, valvu baadaye.

Valvu ya asetilini haizidishi mzunguko mmoja na nusu, na ufunguo wake hubaki juu yake ili uweze kuifunga haraka. Mgandamizo wa kazini usivuke baa 1, kwa sababu asetilini iliyobanwa zaidi ya hapo inaweza kujivunja na kulipuka hata pasipo hewa. Pakeni maji ya sabuni kwenye viungio vyote. Povu limetokea hapa. Ninafunga valvu, ninakaza, ninapaka tena, na sasa hakuna kitu.

Kuhusu sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara asajili eneo lake la kazi kwa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na karakana ya watu watatu nayo ni eneo la kazi. Katika stoo ninafuata kipimo cha Marekani, yaani mita 6 kati ya oksijeni na gesi zinazowaka, au ukuta wa mita 1.5 usioungua unaohimili moto kwa nusu saa. Kwangu nafasi ni ndogo, kwa hiyo nilijenga ukuta.

Kazi ikiisha, fungeni valvu zote mbili, toeni gesi iliyobaki katika mpira mmoja wa kupitishia gesi, kisha katika mwingine, mpaka mishale ya geji irudi sifuri. Halafu legezeni skrubu zote mbili, ili atakayefungua kesho asizikute zimekazwa.