Tazameni Sakafu, Achaneni na Kuba

Asante, Mwenyekiti. Waliowahi kunisikia wanajua nitaanzia wapi, na naona pale nyuma mmeshaanza kucheka. Ndiyo, naanzia miguuni.

Kila nikialikwa kuzungumzia majumba ya kale ya tembo katika bustani za wanyama, wenyeji wangu huniomba picha za kuba na minara. Picha ninazo. Hii ni Antwerp, Ubelgiji, 1856: hekalu la Kimisri, na maandishi ya mafarao ukutani. Hii ni Berlin, 1873: pagoda. Hii ni Budapest, 1912, na msikiti haukosi hapo ila muadhini. Haya, nani ameona sakafu? Hakuna. Mpiga picha hakuona haja ya kuinamisha kamera.

Tembo ukimwona kwa mbali unadhani anakanyaga kama mguu wa meza. Wapi! Ndani ya mguu ule mifupa ya vidole imesimama kwa ncha, kama mwanamke aliyevaa viatu vya mchuchumio, na kisigino chake ni donge la mafuta linalotanuka akikanyaga na kurudi akiinua. Mguu huo uliumbwa kwa kutembea, kwenye udongo unaobonyea. Sasa msimamishe juu ya saruji baridi iliyolowa mkojo, na usiku umfunge mnyororo mguu wa mbele na wa nyuma, mwaka baada ya mwaka. Kucha zinapasuka. Nyayo zinaoza. Viungo vinakakamaa. Maradhi ya miguu na viungo ni miongoni mwa mambo makubwa yanayowafikisha tembo wa bustanini kwenye sindano ya mwisho.

Niliwahi kumwona mtunza tembo mmoja huko Ulaya akifanya kazi. Alimwambia tembo wake, bibi yule, ainue mguu, naye akauinua, akauweka juu ya kigogo kama mtu aliyekwenda kupakwa rangi ya kucha. Mzee akatoa tupa, tupa ya fundi chuma hasa, akaanza kusugua. Ukucha ulikuwa na ufa ambao sarafu ingezama. Kila siku, akaniambia. Tembo wa porini kucha zake zinasuguliwa na safari.

Nirudi Budapest, maana kisa hiki siwezi kukiacha hata mkinizimia taa. Msanifu wake, Kornél Neuschloss-Knüsli, alijenga kuba za vigae vya buluu na mnara mrefu ubavuni. Watu walikuja kushangaa. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, Waturuki wakawa upande mmoja na Austria na Hungaria, na wakaona nyumba ya tembo na viboko ina sura ya msikiti. Wakalalamika. Mimi nawaelewa, hata nyinyi mngelalamika. Mwaka 1915 mnara ukabomolewa. Ulirudishwa baadaye sana, jengo lilipokarabatiwa na kumalizika mwaka 1999.

Mmelisikia hilo? Jengo lilipomkera binadamu, likavunjwa sehemu yake. Lakini tembo wa London, Jumbo, aliigonga nyumba yake kwa pembe usiku hadi pembe zikavunjika, na mwaka 1882 ilionekana nafuu kumuuza kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani. Najua kuna kijana anataka kuuliza kama jina hilo limetoka kwenye neno letu "jambo" au "jumbe". Tutaliongea kwenye chai.

Mtasema: mwalimu, saruji ililetwa kwa nia njema, inaoshwa kwa mpira wa maji, haifugi vijidudu. Kweli. Watu wa karne ya ishirini waliogopa vijidudu kuliko walivyoogopa mnara. Lakini jikoni kwako nako kunaoshwa vizuri tu. Mbona hulali pale?

Na msidhani usasa peke yake uliwaokoa. Mwaka 1965 London ilifungua jumba jipya la tembo na vifaru, kazi ya Hugh Casson na Neville Conder. Saruji tupu, ukuta wake wa nje umechongwachongwa ufanane na ngozi ya tembo. Ngozi! Waliigiza ngozi, wakasahau unyayo. Mwaka 2001, baada ya mtunzaji kuuawa na tembo, wanyama wakahamishiwa Whipsnade, mashambani. Jumba limelindwa kisheria kama urithi, halibomolewi. Tembo hawamo.

Naonyeshwa saa. Basi Hagenbeck, yule Mjerumani mwenye bustani ya wanyama kule Hamburg, na mahandaki yake badala ya vyuma, 1907, mtasoma wenyewe. Berlin nayo: bomu la Novemba 1943 liliiangukia ile pagoda, tembo saba wakafa ndani. Na mchanga wa kina unaomwagwa siku hizi badala ya saruji, ili tembo alale ubavu na ainuke bila kuumia, huo ulistahili saa nzima. Nyie mmenichelewesha na kuba.

La mwisho, kwa wanaosema haya ni ya Wazungu. Karibu mwaka 2009 tembo wadogo wanne walikamatwa hapa hapa Tanzania wakapelekwa Karachi, Pakistan. Wawili kati yao, Noor Jehan na Madhubala, waliwekwa kwenye bustani ya zamani, ya tangu karne ya kumi na tisa. Aprili 2023 Noor Jehan aliangukia kwenye bwawa la boma lake, akashindwa kusimama, siku chache baadaye akafa. Alikuwa na miaka 17, na kwa tembo huyo ni msichana. Madhubala alibaki peke yake hadi Novemba 2024, alipohamishiwa hifadhi kubwa zaidi mjini humo walikokuwa wenzake wawili.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Yule kijana wa Jumbo yuko wapi?