Kazi Niliiacha, Kiingereza Changu Kikasema Bado Nipo

SALMA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Salma, na ubavuni yupo Mwalimu Hamisi, aliyefundisha Kiingereza mpaka chaki ikamwishia.

HAMISI: Chaki ipo, dada Salma. Koo ndilo limechoka.

SALMA: Leo tuko na vitenzi vya Kiingereza, vile vinavyofuata utaratibu: "work", "walk", "cook". Watu huviita vyepesi. Mimi vilinitoa jasho kwenye usaili.

HAMISI: Ehe, tupe.

SALMA: Nilikuwa nimeshaacha kazi kwenye hoteli moja Unguja, natafuta nyingine. Meneja akaniuliza kuhusu kule nilikotoka. Nikajibu, kifua mbele: "I have worked there for three years." Akanitazama, akauliza, je, wanajua kwamba uko hapa? Nikaduwaa. Akina nani hao wajue?

HAMISI: Keshaona umetoroka zamu!

SALMA: Ndiyo hivyo! Na mimi ndani ya kichwa nilisema tu "nimefanya kazi pale miaka mitatu."

HAMISI: Hapo ndipo penyewe. "Nimefanya kazi pale miaka mitatu" kwetu inaacha mlango wazi. Pengine bado upo, pengine ulishaondoka, mazungumzo yataeleza. Kiingereza kimeufunga. "Have worked" ikifuatwa na "for three years", anayesikiliza anaelewa hata leo asubuhi uliripoti kazini. Uliondoka? Sema "I worked there for three years." Basi.

SALMA: Halafu sisi hata "nimemaliza jana" tunasema.

HAMISI: Na hakuna anayeshtuka. Kwao, ukishataja jana, "have" inatoka: "I finished yesterday." Kama hutaji lini, unachotaka kusema ni kwamba kazi iko tayari sasa hivi, hapo lete "I have finished."

SALMA: Haya, na "did"? Maana daftari langu la kidato cha kwanza lilikuwa jekundu tupu. "I did not cooked", mkwaju. "Did you walked?", mkwaju.

HAMISI: Naomba unikanushie "nilipika".

SALMA: Sikupika.

HAMISI: Mbona hukusema "sikulipika"?

SALMA: Aa! Nani anasema hivyo?

HAMISI: Hakuna. Ile "li" imeondoka, "ku" imebeba wakati uliopita peke yake. "Did" ndiyo "ku" yao. Ikishaubeba wakati, kitenzi kinabaki kitupu: "I did not cook." Na "does" ni hivyohivyo. "She cooks", lakini "does she cook?" Ile "s" imehamia kwa "does".

SALMA: Na hiyo "s" yenyewe kwa nini ni ya yeye tu? "I cook, you cook, they cook", halafu ghafla "she cooks".

HAMISI: Zamani kila nafsi ilikuwa na mkia wake, kama sisi tulivyo na "ni", "u", "a". Ikapukutika, ukabaki huo mmoja. Wewe uone ni masalia, ila usiusahau kwenye mtihani.

SALMA: Tuje kwenye "ed". Mimi nilisema "wokedi", "kukedi" miaka na miaka.

HAMISI: Weka vidole kooni. Tamka "k", halafu tamka "g".

SALMA: K... g... Ya pili inatetemesha.

HAMISI: Sauti ghuna hiyo. Kitenzi kikiishia sauti sighuna, kama "walk" au "wash", ile "ed" inasikika "t": "wokt", "wosht". Kikiishia ghuna au irabu, kama "clean", "play", inakuwa "d". Irabu ya ziada inaingia mahali pamoja tu, pale kitenzi chenyewe kinapoishia sauti ya "t" au "d": "wantid", "niidid". Ungejaribu "t" mbili mfululizo ungejiuma ulimi.

SALMA: Kwa hiyo "wokedi" ni ushamba wetu.

HAMISI: Hapana bwana, ni uzee! Waingereza wa zamani walitamka irabu hiyo. Bado inasikika kwenye "naked" na "wicked", na kanisani kwenye "blessed". Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, mwaka 1712 alilalamika kwa maandishi kwamba washairi wanaimeza na kuacha konsonanti zikigongana. "Disturb'd" ilimkera kwelikweli.

SALMA: Kumbe nina wakili!

HAMISI: Wakili kafa 1745.

SALMA: Tuguse wakati ujao, muda unakwenda.

HAMISI: Huo hauna vita. "Will" kisha kitenzi kitupu, nafsi zote: "I will work, she will work." Ila nikwambie kitu kitamu. "Will" asili yake ni kutaka. Na "ta" yetu?

SALMA: Nita... nitakuja...

HAMISI: Irefushe kidogo. Mtu ambaye atakuja ni?

SALMA: Atakayekuja. Ataka... Subhanallah! Taka!

HAMISI: Imejificha humo siku zote. Wao walitaka, sisi tulitaka, wote tukafika kwenye kesho.

SALMA: Mwalimu, niulize tena. Wewe meneja, mimi naomba kazi.

HAMISI: Haya. "Do you work at the old hotel?"

SALMA: "No. I worked there for three years."

HAMISI: "Wokt", safi. "Did you enjoy it?"

SALMA: "I enjoyed the kitchen, but I didn't enjoyed..." Ngoja! "Didn't enjoy"! "Didn't enjoy the night shift!"

HAMISI: Njoo Jumatatu saa moja asubuhi. Zamu ya usiku tutampa mwingine.