LDL Ikishuka Ghafla kwa Mgonjwa wa UVIKO-19

Ndugu madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara, tuchukue mfano mmoja. Mgonjwa wa UVIKO-19 yuko kwenye oksijeni, LDL yake, ile kolesteroli iitwayo mbaya, ni 1.4 mmol/L. Miezi michache nyuma, kliniki ya sukari ilimkuta na 3.2, na hajawahi kutumia dawa ya kushusha kolesteroli. Kuna atakayesema afadhali, mafuta yamepungua. Mimi nasema mtazameni kwa makini zaidi.

Mwili ukipambana na virusi, saitokini (protini za kinga zinazopeleka ishara) kama IL-6 na TNF hubadilisha kazi ya ini. Ini huongeza CRP (protini inayopimwa kujua ukali wa mchochota, yaani inflammation) na protini iitwayo SAA, na LDL na HDL (kolesteroli iitwayo nzuri) hushuka. SAA hujibandika kwenye HDL na kuisukuma nje apoA-I, protini kuu ya HDL, hivyo hata HDL iliyobaki haifanyi kazi yake sawasawa. Wakati huohuo kimeng'enya kinachovunja trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) hupunguza kasi, nazo hurundikana. Ndiyo sura mtakayoiona mara nyingi: LDL na HDL chini, trigliseridi juu.

Tafiti za Wuhan za mwaka 2020 zilionyesha kwamba waliozidiwa walikuwa na LDL ndogo kuliko wenye ugonjwa mwepesi. Waliopona, LDL yao ilipanda tena. Waliofariki, iliendelea kushuka. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi, angalieni mwelekeo, tena sambamba na CRP. Na msigeuze hoja: LDL ndogo ni dalili ya mchochota mkali, haijathibitika kuwa ndiyo inayoua. Kumlisha mgonjwa mafuta ili namba ipande hakuna maana.

Sasa makosa. Maabara nyingi hukokotoa LDL: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kwa kolesteroli 3.6, HDL 0.7 na trigliseridi 3.3, LDL inakuwa 1.4. Trigliseridi zikipita 4.5 mmol/L hesabu hiyo haifai. Ombeni LDL ipimwe moja kwa moja, au andikeni tu kwamba haikukokotoleka.

ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kuna mtego mwingine. Propofol, dawa ya usingizi, imo ndani ya mafuta, kila mililita ina takribani kilokalori 1.1, na ikitiririka kwa siku kadhaa trigliseridi hupanda. Lishe ya mafuta kwa mshipa nayo ni hivyo hivyo. Damu isichukuliwe kwenye mkono wenye dripu hizo. Tocilizumab, dawa inayozuia kazi ya IL-6, huweza kupandisha LDL, kwa hiyo kupanda baada ya sindano hiyo kusihesabiwe moja kwa moja kuwa nafuu. Trigliseridi zikifika 3.0 mgonjwa akiwa hajala, feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma) ikiwa juu sana na seli za damu zikipungua, fikirieni dhoruba ya kinga inayoitwa HLH kabla ya kulaumu chakula.

Kuhusu statini, dawa za kushusha kolesteroli: aliyekuwa akizitumia kwa ajili ya moyo asikatishwe kwa sababu tu LDL imeshuka wodini. Akipewa Paxlovid, dawa ya vidonge ya UVIKO-19, ni suala jingine. Ritonavir iliyomo huzuia ini kuvunja simvastatin, mojawapo ya statini, dawa hurundikana na misuli huweza kuharibika. Simvastatin isimamishwe angalau saa 12 kabla ya dozi ya kwanza, ikae kando siku zote 5 za tiba na siku 5 baada yake.

Kipimo cha kuamulia tiba ya muda mrefu kisubiri wiki kadhaa, CRP ikiwa imerudi kawaida.