Namba ya Kwenye Ramani ya Jua Haikupimwa

Walimu, na ninyi vijana mliopanda gari alfajiri kutoka Moshi, karibuni Arusha. Athari ya Zeeman, yaani uga wa sumaku kupasua mstari wa mwanga, mnaijua; ya Hale, mwanaastronomia aliyeona sumaku kwenye madoa ya Jua mwaka 1908, mnayajua. Naingia kwenye lile ninalolisema kila nikipewa nafasi: gausi, kipimo cha nguvu ya sumaku, mnazosoma kwenye ramani ya sumaku ya Jua hazikupimwa. Zimekokotolewa kutokana na mwanga.

Chukueni mstari wa chuma, ule mweusi kwenye spektra ya Jua, wa nanometa 630.25. Uga wa gausi 1,000 husogeza vipande vyake pikometa 4.6 hivi kila upande, na upana wa mstari wenyewe unazidi mara mbili ya hapo. Huoni ukipasuka, unauona umenenepa tu. Ndiyo maana tunatenga mwanga unaozunguka kulia na unaozunguka kushoto, tunatoa mmoja kwenye mwingine. Kinachobaki tunakiita V, nacho huonyesha uga unaotuelekea au unaotukimbia.

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Pikseli moja ya HMI, chombo cha kuchora ramani hizi kilichorushwa angani mwaka 2010, inafunika Jua upana wa kilomita 360 hivi. Uga wa gausi 1,500 ukijaza sehemu ya kumi tu ya pikseli, ramani itaandika kama 150. Ni kujumlisha mvua ya Machame na ya tambarare za chini ya Moshi, ukagawa, ukatangaza kiasi ambacho hakikunyesha popote! Na ncha ya kaskazini ya sumaku ikibanana na ya kusini pikselini, V chanya inafuta V hasi. Ramani inasema sifuri mahali palipojaa sumaku.

Mtasema tujenge darubini kubwa. Ipo, Hawaii, kioo chake meta 4, na inasaidia sana. Lakini mwanga wa mstari mmoja hutoka vina tofauti vya angahewa ya Jua, na uga hubadilika kwa kina. Kioo hakitenganishi hilo.

Q na U, tofauti za mwanga unaotetema kwenye mistari iliyonyooka, ambazo ni za uga wa mlalo, ni hatari zaidi. Uga ukiwa dhaifu, V hukua sambamba nao, Q na U hukua kwa kipeo chake cha pili, kwa hiyo huzama kwenye kelele, yaani makosa ya nasibu ya kipimo. Kisha mtu anachukua kipeo cha pili cha kila moja, anajumlisha, anatafuta kipeuo: kelele tupu inampa jibu chanya, kila pikseli. Akiwaletea Jua tulivu, sehemu zisizo na madoa, lililojaa uga wa mlalo, mwulizeni kwanza kelele yake ni kiasi gani.

Haraka sasa. Vioo vya darubini vilivyoinama huzalisha polaraizesheni yao, yaani hubadilisha jinsi mwanga unavyotetema. Wekeni polaraiza na bamba la robo ya wimbi, vichujio vya mtetemo wa mwanga unaojulikana, mbele ya vioo, mvizungushe, mpate matriksi ya kusahihisha kabla ya kupima. Mshale wa uga wa mlalo ukiugeuza nyuzi 180, Q na U hazibadiliki. Programu inachagua mwelekeo kwa kukisia. Korona, angahewa ya nje ya Jua, na athari ya Hanle, uga kubadili polaraizesheni ya mwanga uliotawanywa, nimeziacha, muda umekwisha. Mwenye ramani mkononi aanze kuuliza.