Picha ya Saini Haifungi Hati

Ndugu zangu, namna ya kuweka saini kwenye faili la PDF siwafundishi leo, mnaijua. Unasaini kwenye karatasi nyeupe kwa wino mzito, unapiga picha, unakata kingo, unaondoa weupe wa nyuma, unahifadhi kama PNG kwa sababu JPEG haiwezi kubaki bila usuli, kisha unaibandika juu ya mstari. Nilichokuja kusema ni kile kile ninachokisema kila ninapoalikwa: hapo umebandika picha.

Niwasimulie. Nilikuwa nafundisha watumishi wa ofisi fulani. Mkuu wao akaniambia saini yake iko salama, maana barua zake zote hutoka kwa PDF, na PDF haihaririki. Nikamwomba ruhusa, nikafungua barua yake mbele ya wote. Nikabofya saini mara moja, ikajitenga na ukurasa kama kibandiko. Nikainakili. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika sentensi moja ya kuwaidhinishia watumishi wote likizo ya mwezi mzima, nikaibandika saini chini yake. Hata dakika mbili hazikwisha. Ukumbi ukaangua kicheko, yeye hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Saini hii imekwenda kwa watu wangapi?" Hakuna aliyejua. Kila barua aliyowahi kutuma ilikuwa imempelekea mpokeaji saini safi, tayari kubandikwa kwingine.

Mtaniambia, basi tuiunganishe na ukurasa iwe kitu kimoja. Fanyeni, inasaidia kidogo, ila picha ya skrini inatosha kuitoa. Basi tuchape, tusaini kwa kalamu, tuskani? Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote! Unamaliza karatasi na wino na nusu saa ya mtu, halafu unarudi pale pale, kwenye picha. Tena umeharibu zaidi, kwa sababu sasa maandishi nayo yamekuwa picha. Hayatafutiki, na mwenzetu asiyeona, anayesomewa na programu, haambulii neno.

"Lakini sheria inaikubali." Kweli kabisa. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2000, na kanuni ya Umoja wa Ulaya imetumika tangu 2016. Zote mbili zinakataza saini kukataliwa kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini siku mtu atakapoikana utathibitisha nini? Picha haisemi nani aliibandika, wala lini, wala kama ukurasa wa tatu uligeuzwa baadaye. Ndiyo maana nasisitiza: kama huna njia nyingine, itunze barua pepe iliyokuja na hati hiyo. Hiyo itakusaidia kuliko picha yenyewe.

Na njia nyingine ipo, tena ya siku nyingi. Wataalamu wa usimbaji Diffie na Hellman walieleza wazo la saini ya kidijitali mwaka 1976; Rivest, Shamir na Adleman wakapata namna ya kulitekeleza mwaka uliofuata. Programu inaisoma hati yote, hadi nukta ya mwisho, na kuikamua ibaki alama fupi. Kwa SHA-256, mojawapo ya njia za kukamua hivyo, alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Alama hiyo inatiwa saini kwa ufunguo wa siri, yaani namba ndefu iliyo kwako peke yako, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo wako wa wazi, namba pacha unayoweza kumpa yeyote. Mtu akigeuza 100,000 kuwa 1,000,000, alama hazilingani tena, na programu inamwonya mpokeaji. Cheti cha kidijitali ndicho kinachoeleza ufunguo ni wa nani.

"Na mwandiko wangu?" Uweke! Sina ugomvi na mwandiko. Mtu akiuona anamtambua mwenzake, na programu nyingi zinakuruhusu kuutumia kama sura ya saini ya kidijitali. Ninachoomba ni kwamba nyuma ya sura hiyo pawe na ufunguo.

Naoneshwa saa. Muhuri wa muda nilitaka kuueleza kwa kirefu, sasa naugusa tu: unathibitisha kwamba hati ilisainiwa cheti kikiwa bado hai, hata kama leo kimekwisha. Na maliza kuhariri kabla ya kusaini, maana ukigusa neno baadaye umeivunja saini yako mwenyewe. Mama pale nyuma, mkono wako umeinuka tangu nilipotaja skana. Karibu, uliza.